Kiti changu cha boksi na ile ndoo ya studio

Naomba ieleweke kabla sijaanza: ile ndoo sikuiiba. Niliichukua jioni, nia yangu ilikuwa kuirudisha kesho yake mchana, na mtu akichukua kitu huku tayari ana ratiba ya kukirudisha huyo sio mwizi bhana, huyo ameazima ila hajapata nafasi ya kumwambia mwenyewe.

Haya. Mi nilienda chuo kusoma sanaa kwa sababu najua kuchora. Toka shule ya msingi watu wananiletea madaftari niwachoree mioyo yenye mishale, kwa hiyo nikajua pale naenda kuchukua cheti tu. Kumbe mwaka wa kwanza hawataki uchore, wanataka usahau ulivyokuwa unachora. Wiki ya kwanza tukaambiwa chora mkono wako bila kuangalia karatasi, macho kwenye mkono tu, kalamu isinyanyuke, wangu ukatoka kama mzizi wa mti uliong'olewa. Wiki ya pili napaka vijiboksi 9 vya kijivu kutoka nyeupe mpaka nyeusi, siku 2 nzima napaka kijivu, na nikakosa kwa sababu cha 4 na cha 5 vimefanana. Wiki ya tatu tunachora viti, ila sio viti, tunachora uwazi uliopo katikati ya miguu ya viti. Mtu akikuuliza unasoma nini unamwambia nini sasa, nachora pasipo na kitu?

Alafu ikaja kazi ya maumbo. Madam akaingia, mama wa makamo, anaongea taratibu kama mtu anayesoma wosia, akasema mtatengeneza kiti cha boksi. Hamna gundi, hamna misumari, hamna selotepu, hamna kamba. Boksi linashikana na boksi lenzake kwa kuchomekana tu. Wiki 3, na siku ya kritiki, siku ya kukosoa kazi zenu mbele ya darasa, mimi mwenyewe nitakaa kwenye kila kiti. Darasa likacheka. Yeye hakucheka.

Akatupa na hadithi ya Josef Albers, mwalimu wa Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu kule Ujerumani miaka ya 1920, eti alikuwa anaingia darasani na magazeti anawagawia wanafunzi, anawaambia haya tengenezeni kitu, anaondoka zake. Akirudi anakuta mtu kajenga ngome, mwingine kafanya ndege, mwingine mnyama, anawaambia hivi vyote vingetoka vizuri zaidi kwa vifaa vingine. Alafu anamsifia mmoja ambaye kalikunja tu gazeti kwa urefu likasimama lenyewe, basi. Maana karatasi iliyolegea imesimama kwa sababu ya mkunjo, hajailazimisha kuwa kitu kingine. Jamaa mmoja mkimya aliyekuwa anakaa pembeni yangu aliandika hayo yote. Mi nilikuwa nachora mdomo wa Madam.

Nilichoamkia ni picha. Akaonyesha kiti cha Frank Gehry, msanifu majengo, cha mwaka 1972, kile cha Wiggle, boksi limejikunja kama utepe ulioanguka chini ukasimama. Nikasema hiki hapa, hiki ndo size yangu. Aliyoyasema baada ya hapo, kwamba kile kiti ni matabaka mengi yamebandikwa kwa gundi na mbavu za tabaka moja zinalala huku za tabaka linalofuata zinalala kule, hayo niliyasoma kwenye daftari la yule mkimya baada ya msiba.

Hizo mbavu ndo kila kitu, ngoja nieleze. Ukichana boksi utaona karatasi mbili bapa, katikati kuna karatasi ya tatu imejikunja mawimbi mawimbi. Ukilisimamisha mawimbi yakawa wima, kila wimbi linakuwa kama kinguzo, linabeba uzito mpaka unashangaa. Ukilisimamisha mawimbi yamelala, linajikunja hapo hapo kama barua. Boksi lile lile, mkasi ule ule, tofauti ni umeligeuza vipi kabla hujakata. Sasa mi nilikuwa nakata kwa kuangalia wapi kipande kitaenea ili nisiende kutafuta maboksi mengine. Nusu ya miguu ilitoka wima, nusu imelala. Kwa macho hutajua.

Kipimo nilifanya jamani, msinione mzembe. Tuliambiwa tutengeneze kwanza kidogo, kimoja kwa tano, nikakitengeneza, nikaweka simu yangu juu, kikabeba. Nikapiga picha. Simu ina gramu 200 hivi, mtu ana kilo 70, yaani ilibidi niweke simu 350 lakini hesabu mimi niliachana nayo kwa makubaliano ya pande zote mbili.

Siku moja kabla ya kritiki kiti kimesimama, kizuri, kimejikunja kwa maringo, nikakiangalia nikaona kimekosa rangi. Hapo ndo shetani alipovuta kiti akakaa, sio changu lakini. Nikachukua rangi ya maji nikaanza kupaka gurudumu zima la rangi 12, nyekundu inaingia kwenye chungwa, chungwa linaingia njano, natia maji mengi ili ziingiliane vizuri. Yule mkimya akapita na kitu chake kibaya hakina hata rangi, akasimama, akasema, "Oya, boksi na maji?" Nikamwambia asante kwa maoni. Moyoni nikasema wivu huo.

Saa 4 usiku kiti kikaanza kusinzia. Sikudanganyi, kilianza kuinama taratibu upande wa kushoto kama mzee kwenye mkutano mrefu. Nikaazima kikausha nywele kwa dada wa chumba cha pili, nikakipuliza saa nzima, kikakauka kweli ila kikakauka kikiwa kimepinda, na zile sehemu za kuchomeka zimevimba hazichomeki tena, nikizisukuma zinachanika. Nikabonyeza kwa kidole sehemu ya kukalia. Kidole kikazama.

Sasa pembeni hapo, kwenye kona ya studio, ilikuwepo ndoo. Ndoo ya lita 20 ya kukorogea plasta, ina magamba meupe ya plasta tangu enzi, imara, mtu mzima anasimama juu. Tumbo la kiti changu lilikuwa wazi kwa chini. Kiti cha kawaida sehemu ya kukalia iko sentimita 45 hivi kutoka chini, ndoo ukiigeuza ni fupi kidogo tu. Mnaona wenyewe. Ni kama vilizaliwa pamoja. Nikaigeuza, nikakivisha kiti juu yake, nikazungushia kipande cha boksi kwa chini ili isionekane, nikapaka zambarau. Nikalala usingizi wa mtu aliyesoma.

Asubuhi Madam anaingia kitu cha kwanza anauliza, "Nani kaona ndoo ya plasta? Wa mwaka wa pili wanaitafuta tangu saa 2." Kimya. Na mimi nikatikisa kichwa kwa masikitiko, hata nikasema watu wa humu sio waaminifu.

Halafu alikuwa amevaa sketi nyeupe. Mwalimu wa sanaa, siku ya kritiki, sketi nyeupe, mpaka leo sijajua ni ujasiri au ni mtego.

Kritiki ya kwetu ina sheria, mwenye kazi anakaa kimya kwanza, wenzake wanasema wanachokiona. Zamu yangu ikafika, watu wakakizunguka kiti. Mmoja akasema naona uchovu. Mwingine akasema anaona mtu aliyeinama kwa unyenyekevu, ila moyoni ana rangi nyingi. Dada mmoja akasema kinampa hisia kwamba kuna kitu kinafichwa ndani, na mimi nikageuka nikaangalia dirisha. Nilipopewa nafasi nikasema ndio, nilikusudia kuzungumzia mzigo ambao binadamu anaubeba lakini hauonekani. Haki ya nani nilisema hivyo. Madam akaandika kitu.

Akageuka, akashika sketi, akakaa.

Sekunde kama mbili hivi kikabeba, nikaanza hata kutabasamu. Alafu ikasikika sauti sio ya kuvunjika, ni kama mtu mnene anashusha pumzi, pfffff, pande zote nne zikafunguka kwa pamoja zikalala chini kama ua linachanua, na Madam akashuka sentimita kadhaa, taratibu, kama lifti inafika chini, akasimama hapo. Hakuanguka. Mgongo umenyooka, miguu pamoja, daftari mkononi, amekaa juu ya ndoo katikati ya maboksi ya rangi 12.

Hamna aliyecheka. Watu wote walikuwa wamepinda shingo upande mmoja, nikashangaa wanaangalia nini, kumbe ndoo imegeuzwa kwa hiyo maandishi yake yako chini juu, na kila mtu anajitahidi kuyasoma. Yule mkimya, ambaye muhula mzima hajawahi kuongea darasani, ndo akayasoma kwa sauti: "Mali ya studio. Usiondoe."

Madam akainama pembeni akaisoma na yeye. Akaigonga kwa kidole. Akaniangalia muda mrefu alafu akasema kwa ile sauti yake ya wosia, "Kiti hakijabeba. Ndoo imebeba. Ndoo ni ya idara. Kwa hiyo maksi hizi nitaipa idara."

Hapo ndo darasa likalipuka, mtu mmoja akatoka nje kabisa akacheka kwenye korido tukawa tunamsikia. Na aliposimama ndo tukaona nyuma ya sketi. Rangi ya maji ukikalia inahamia, hata kama imekauka, ikipata jasho kidogo tu inakumbuka kuwa ni maji. Nyekundu imehamia vizuri, njano imehamia, zambarau ya ile sehemu niliyopaka mwisho ndo ilikuwa bado mbichi ikahamia yote. Dada mmoja akamwambia Madam pole. Madam akajipindua akaangalia, akasema mpito kutoka bluu kwenda kijani nimeupatia. Hiyo ndo sifa pekee niliyopewa siku ile.

Kiti cha yule mkimya kilikuwa vipande vinne tu, vimekunjwa, mbavu wima zote, kibaya kama stoo. Madam akakaa, akavuka miguu, akaendelea kukosoa kazi za watu wengine akiwa amekaa pale pale, nusu saa.

Nikapewa wiki moja nirudie. Nikarudia, safari hii nikakaa mwenyewe kwanza, nikarukaruka, nikamwita na mkimya akakaa. Hakina rangi hata tone. Nikampelekea Madam ofisini, akakizunguka, akakigonga, akapiga magoti pale chini na sketi yake nyingine akachungulia kwa ndani, akakaa hapo muda.

"Madam, kuna tatizo?"

"Hapana mwanangu. Naangalia ndoo."

Tangu hapo ikawa hivyo kila kritiki. Hata tulipofika kwenye michoro ya mkaa, karatasi bapa kabisa, imebanwa ukutani kwa pini nne, akifika kwenye yangu ananyanyua kona moja kwanza anachungulia nyuma.