Kitanda namba 6 kilikuwa kinasoma 78

Mama mdogo wangu alilazwa mwezi wa nne katika hospitali moja hapa Kisumu, na usiku wa pili nilikesha naye mimi. Ilipofika saa nane, kile kibanio wanachombana mgonjwa kidoleni kilichomoka kikaangukia shuka. Monita ya kando ya kitanda ikaonyesha vistari mahali pa namba, ikaanza kulia. Nikangoja sista aje. Hakuja. Nikaenda mwenyewe hadi mezani kwao, na kwenye kompyuta inayokusanya vitanda vyote vya wodi nikakiona kitanda namba 6, cha mama mdogo. Oksijeni 96, mapigo 78. Kibanio nilikuwa nimekiacha juu ya shuka.

Sista akasukuma kipanya, mshale haukusonga. Saa iliyo pembeni ya skrini ilikuwa imesimama saa saba na dakika kumi na tatu. Kwa dakika arobaini na kitu, watu kumi na wawili walikuwa wakilindwa na picha.

Yule sista asilaumiwe na mtu. Walikuwa wawili tu usiku ule, na alizunguka kitanda kwa kitanda hadi alfajiri, tochi ya simu mdomoni, akipima mapigo kwa vidole vyake. Aliponifikia aliniambia, "Shika mkono wake, na ukiona anapumua vibaya usije kuniita, piga kelele hapo hapo." Nikaushika mpaka kukapambazuka.

Asubuhi akaja fundi wa mashine. Alikuta virusi, na virusi vilikuwa vimeingia kwa flashi ya mtu. Kompyuta yenyewe ilikuwa ya Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuitolea masasisho ya usalama ya kawaida Januari 2020. Nywila ya kuiwasha ilikuwa imeandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha plasta, ile ile ya kufungia kidonda, kikabandikwa juu ya skrini kila mpita njia aione. Lakini nywila ya kuingia ndani na kuitengeneza, fundi hakuwa nayo. Anayo wakala aliyeuza mashine, na wakala yuko Nairobi. "Nikiigusa, waranti imekufa," akaniambia. "Nisipoigusa, ndiyo haya unayoyaona." Wakala alifika siku ya nne.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila ninachoweza kupata kuhusu jambo hili, na hasira yangu imehama. Haiko tena kwa mwenye flashi. Iko kwa waliotia saini mkataba wa kununua mashine inayotakiwa kufanya kazi miaka kumi bila kuuliza ni nani ataisasisha mwaka wa sita, na bila kudai kwamba fundi wetu apewe funguo za kitu tulichonunua kwa kodi zetu. Usalama wa ile wodi ulipotea siku ya zabuni, kabla mashine haijatoka kwenye boksi.

Na mambo ya mikataba si mageni kwetu. Mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali ulipoanza 2015, hospitali mbili kila kaunti, magavana walilalamika kwamba hawakuonyeshwa mikataba yenyewe, na baadhi ya mashine zilikaa bila kutumika kwa kukosa stima, maji au mtu wa kuziendesha. Kama stima ilisahauliwa, masasisho ya programu yangekumbukwa na nani?

Huko nje wameshaumia, nasi tuna nafasi ya kujifunza kabla ya kuumia sana. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga kompyuta duniani kote na kudai fidia. Uingereza, karibu theluthi moja ya mashirika ya hospitali za umma za England yalivurugika na maelfu ya wagonjwa wakafutiwa miadi. Dawa ya virusi vile Microsoft ilikuwa imeitoa Machi, miezi miwili kabla! Juni 2024 ikawa zamu ya maabara za taifa za Afrika Kusini, na majibu ya vipimo yakashindwa kuwafikia madaktari kwa njia ya kawaida. Kisha 30 Januari 2025 mamlaka za Marekani zikatangaza kwamba monita za wagonjwa aina ya Contec CMS8000 zilikuwa na anwani ya intaneti iliyozikwa ndani ya programu yake, zikituma huko taarifa za mgonjwa, na mtu wa mbali angeweza kubadilisha inachoonyesha mashine. Hospitali zikaambiwa zichomoe waya wa mtandao. Kuna wachunguzi waliosema baadaye kwamba huenda ni uundaji mbovu tu, si hila. Sawa, nakubali. Kwa aliyelala kitandani tofauti yake ni ndogo mno.

Sheria tunazo. Ya Ulinzi wa Data ni ya 2019, ya Afya ya Kidijitali ni ya 2023, na nafurahi kwamba siri ya mgonjwa ina mlinzi. Ila ile 78 haikuwa siri iliyovuja. Ilikuwa uongo, umesimama kwenye skrini, na sista aliuamini kwa sababu ndiyo kazi aliyopewa skrini ile.

Najua nitakachoambiwa: hospitali haina glavu, wewe unazungumzia nywila. Glavu nazo zinunuliwe, mimi mwenyewe nimetumwa duka la dawa kununua. Lakini ninachodai hakihitaji bajeti mpya. Katika kila zabuni ya mashine iandikwe muuzaji ataitolea masasisho mpaka mwaka gani, na fundi wa hospitali akabidhiwe nywila zote siku mashine inapowekwa wodini. Mashine za wagonjwa zisitumie mtandao mmoja na waifai ya wageni. Marekani tangu 2023 mtengenezaji hapati kibali cha kifaa kipya chenye programu na cha kuunganishwa na mtandao bila kueleza ataziba vipi mianya itakayogunduliwa. Wakala huyo huyo anayetuuzia sisi hawezi kutuambia haiwezekani.

Mama mdogo alitoka salama, yuko Ahero na mpunga wake. Barua nimeiandika, kurasa mbili, na plasta ile yenye nywila nimeieleza ilivyokuwa. Jumatatu nampelekea MCA wetu, mjumbe wa wadi yetu katika bunge la kaunti, ofisini kwake. Mwenye mgonjwa aliyewahi kulindwa na skrini iliyoganda, aje tutie saini pamoja.