Milimita tatu

Kila baada ya wiki tatu napanda treni ya asubuhi pale Miritini, nashuka Nairobi, nalala kwa binamu yangu, na siku ya pili yake natolewa damu vichupa saba. Nauli inalipwa na utafiti wa dawa mpya niliojiunga nao. Nina saratani ya titi iliyokwisha fika kwenye ini na mifupa, na madaktari hawakunificha: haiponi. Vidonge ninavyomeza havina hata jina, vina herufi na namba tu.

Mtaani kwetu Mombasa habari hii imewagawa watu. Kuna wanaosema nimegeuzwa panya wa wazungu. Na kuna wanaonipa hongera, "dawa mpya hiyo, utapona inshallah."

Nianze na hawa wa hongera, maana ndio wanaonichosha. Fomu ya ridhaa niliyoitia sahihi ina kurasa ishirini na mbili za Kiswahili, na mle ndani imeandikwa wazi kwamba utafiti wa awamu ya kwanza unatafuta dozi. Watu wa mwanzo wanapewa dawa kidogo, wakiivumilia wanaofuata wanaongezewa, hivyo hivyo mpaka madhara yaseme basi. Mimi ni wa kundi la tatu. Nyayo zimenipasuka, natembea na soksi za pamba na joto hili letu. Ikitokea uvimbe ukapungua, hiyo ni bahati yangu. Yote hayo nilisomewa, nikaulizwa maswali, nikajibu vizuri, na usiku wake nikalala nikihesabu nitaongezewa Idi ngapi. Kumbe tangu 1982 kuna wataalamu wa Marekani walioliandika jambo hili: mshiriki anaelezwa utafiti, anaelewa, halafu moyoni anaamini kila anachofanyiwa kimepangwa kwa ajili ya kumtibu yeye. Nami nimo.

Hata lugha ya vipimo inatuchanganya. Wanapiga picha ya CT, wanapima uvimbe kwa milimita, wanajumlisha. Jumla ikishuka kwa asilimia 30, dawa imefanya kazi. Ikipanda kwa asilimia 20, ugonjwa umesonga mbele, unarudisha vidonge na kuaga. Kati ya hapo wanaita "ugonjwa umetulia". Mimi nilianza na 61, picha ya mwisho ikasema 58. Milimita tatu, nusu ya punje ya mchele. Nilipompigia mama simu alikuwa ameshamwagiza mtu mchele wa biriani, anataka tusome maulidi. Nikamwambia mama, ngoja kwanza. Akanuna siku mbili.

Sasa hawa wa panya. Panya haulizwi. Mimi nikichoka kesho nasema basi, naacha, na kliniki yangu ya hapa Mombasa inanipokea kama zamani. Halafu watu wanasahau kwamba kila dawa tunayoililia iliwahi kuingia kwa mtu wa kwanza. Kemo yangu ya awali ilikuwa na siklofosfamaidi. Miaka ya 1960 dawa hiyo ilikuwa ikijaribiwa hospitali ya Mulago, Kampala, kwa watoto waliovimba taya, ule ugonjwa ambao daktari Denis Burkitt aliueleza 1958. Mwaka 1967 ikafunguliwa palepale taasisi ya saratani, na majaribio ya kuchanganya dawa yakaendelea. Wako watoto waliopona, wako waliozikwa. Sindano ikiingia mkononi, mara nyingi nawawaza mama zao, waliotoka vijijini na kanga moja, pengine bila kusomewa ukurasa hata mmoja.

Linaloniuma mimi liko kwingine. Fomu yangu inaahidi kwamba nitaendelea kupewa dawa maadamu inanisaidia. Jirani yangu, mwenye saratani kama yangu, asiyekubaliwa kuingia kwa sababu ya figo zake, hakutajwa. Nilimuuliza daktari: ikifaulu, itauzwa bei gani hapa kwetu? Akavua miwani, akaifuta, akasema swali zuri. Damu yetu inasafiri haraka kuliko dawa inavyorudi, na hilo ndilo ningependa watu wa panya walipigie kelele.

Kwenye vyakula na dawa za nyumbani tuligombana kidogo, tukaelewana. Nilimpelekea nesi orodha yote bila aibu. Kombe, maandishi ya zafarani yaliyooshwa kwa maji ya waridi, aliliruhusu. Habasoda akaikata. Na balungi akalipiga marufuku kabisa, eti linazuia mwili kuivunja dawa, inarundikana kwenye damu. Nina mbalungi uani, baba aliupanda mwenyewe. Katika masharti yote hilo ndilo lililonitoa machozi, na nesi wa watu akadhani nalia ugonjwa.

Aliyeniuliza swali la maana ni shangazi peke yake. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi, hakuinua macho.

"Na picha ya mwezi ujao ikija mbaya?"

Nikamwambia nitarudisha vidonge, nibaki na mofini ya maumivu na watu wa hospisi, wale wanaotunza wasiopona, hapahapa nyumbani.

Akakuna nazi yake mpaka kifuu kikaanza kutoa sauti.

"Chumba chako cha juu kina ngazi kumi na nne," akasema. "Nitamwambia kaka yako atoe yale magunia chumba cha chini, kipakwe chokaa."

Jumamosi kikapakwa. Dirisha lake linatazama uani, kwenye mbalungi, na mwaka huu umezaa mpaka matawi yameinama.