Tuni Tamu Si Lazima Ichezeke

Nikialikwa kupiga fidla kwenye ngoma ya kontra, swali langu la kwanza kwa anayeita hatua ni hili: "Balansi iko wapi?" yaani ile hatua ya kukanyaga sakafu kwa pamoja. Tuni naichagua baadaye.

Kontra ni ngoma ya New England, kaskazini mashariki mwa Marekani. Watu husimama mistari miwili mirefu wakitazamana. Mzunguko mmoja ni mapigo 64: sehemu ya kwanza ya tuni mara mbili, ya pili mara mbili, kila moja mapigo 16. Ukiisha, kila jozi imeshasogea kwa majirani wapya na hatua zinaanza upya, yote ndani ya nusu dakika hivi.

Mchezaji aliyepotea hutegemea masikio. Sehemu ya pili ikiingia, hata aliyefumba macho anatakiwa ajue. Zipo rili, tuni za ngoma za mwendo wa haraka, kutoka Québec huko Kanada, zenye pigo la ziada hapa, pungufu pale. Nazipenda mno, ila nazipigia nyumbani. Mwaka wangu wa kwanza nilipeleka moja ukumbini. Mzunguko wa tatu haujaisha, mstari mzima umeachana na muziki, na bibi mmoja amesimama kanyoosha mikono akimngoja mwenzake asiyefika. Ile mikono sijaisahau.

Kwenye balansi wachezaji hushikana mikono na kukanyaga sakafu ya mbao kwa kishindo, mapigo manne, ndipo wazungushane. Hapo nataka noti chache, nzito, zenye nafasi katikati, ili miguu yao isikike. Tuni iliyojaa noti kila upenyo huwaibia raha hiyo, hata ukiipiga kwa ufundi wote. Kwenye hei ni kinyume: watu wanne hupishana bega kwa bega kama ukili unavyosukwa, na kinachofaa ni rili inayotiririka bila kituo, au jigi laini, tuni ya mwendo wa tatu-tatu.

Money Musk, tuni ya asili ya Uskoti, siichomeki popote. Ina ngoma yake yenyewe ya mapigo 48.

Wenzangu wengi hubadilisha tuni mapema, wakihofia kuchosha watu. Mimi husubiri. Tuni ya kwanza ikishaingia miguuni kwa mizunguko sita au saba, natoka ufunguo wa D naruka tuni nyingine ya ufunguo wa A kwenye pigo la kwanza kabisa, na ukumbi mzima unapiga kelele.