Chati ya Utafiti Iandikwe, Isibofywe

Ninapoulizwa ni programu ipi inayofaa kuchorea data za utafiti, muulizaji kwa kawaida hutaka kujua ni ipi inayotoa chati nzuri kuliko nyingine. Kwa maoni yangu uzuri si kipimo cha kwanza, kwa kuwa Excel, Tableau, R na Python, zikipata mkono mwangalifu, zote hutoa chati ya kupendeza. Mimi hupima kwa swali jingine: mwaka mmoja baada ya chati kuchorwa, je, mtafiti mwingine ataweza kufuata kila hatua iliyopitiwa kutoka data ghafi hadi kila nukta anayoiona?

Excel ni nyepesi kwa mtu anayetaka kuzitupia data zake jicho la kwanza, na simlaumu anayeanzia hapo. Shida yake ni kwamba hubadili mambo kimyakimya. Watafiti wa jenetiki wameteseka nayo kwa miaka mingi, kwani majina ya jeni kama SEPT1 na MARCH1 yaligeuzwa kuwa tarehe mara tu yalipoingizwa kwenye seli, hata kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikaeleza katika mwongozo wake wa mwaka 2020 kwamba sasa majina hayo ni SEPTIN1 na MARCHF1. Taaluma ililazimika kubadili istilahi zake ili zipatane na programu ya majedwali, jambo ambalo hadi leo linanisikitisha.

Katika R, lugha ya kompyuta ya takwimu ambamo chati huandikwa kwa msimbo, yaani maagizo ya maandishi, badala ya kubofywa, kifurushi cha ggplot2, ambacho Hadley Wickham alikitoa mwaka 2007, kimejengwa juu ya wazo la Leland Wilkinson kwamba michoro ina sarufi yake. Unataja data, unaeleza kipimo kipi kikae kwenye mhimili upi na rangi iwakilishe nini, kisha unachagua umbo. Niliwahi kulinganisha makundi mawili kwa chati ya visanduku, ambayo hufupisha kila kundi kwa kisanduku kinachoonyesha wastani wa kati na mtawanyiko wake, na visanduku vile vilikaribia kufanana kabisa. Nilipobadilisha neno moja tu, geom_boxplot likawa geom_jitter, nukta zikatawanyika na kuonyesha kwamba kundi la pili lilikuwa limegawanyika mafungu mawili, moja juu na jingine chini, na katikati hapakuwa na mtu. Baadaye mhakiki wa makala yangu aliomba washiriki watatu waondolewe. Niliongeza mstari mmoja mwanzoni mwa msimbo, na chati zote zikajichora upya. Kazi hiyo kwa kubofya ingekuwa ya siku nzima, na mwishoni nisingeweza kuapa kwamba hakuna chati niliyoisahau.

Python, lugha nyingine ya kompyuta, nayo iko upande huo huo wa msimbo. Maktaba ya matplotlib, iliyoanzishwa na John Hunter, humpa mtumiaji mamlaka juu ya kila mstari, ingawa hudai maneno mengi zaidi kwa chati ileile. Ninaisifu hasa kwa uamuzi wa toleo la 2.0, mwaka 2017, wa kuacha mpangilio wa rangi za upinde wa mvua na kuweka viridis, ambayo husomeka hata kwa mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani, na hata ikichapwa kwa rangi ya kijivu.

Tableau, programu ya kuchora chati kwa kubofya, ninaiheshimu kwa dashibodi, yaani kurasa za chati ambazo msomaji huzichuja mwenyewe, lakini kwa chati ya jarida siichagui, kwa sababu hatua zake hukaa ndani ya faili ambalo asiye na programu hiyo halisomi kwa urahisi.

Ninafahamu kwamba kujifunza msimbo huchukua wiki kadhaa, na si kila mtafiti anazo. Atakayebaki na Excel basi asiguse kamwe karatasi ya data ghafi, afanyie hesabu zake kwenye nakala, na safu za majina aziweke katika muundo wa maandishi kabla ya kubandika chochote.