Nimemfuta Hajji

Jamani hii kazi ya uadmini wa kundi letu la barua pepe nani alinipa? Nilinyoosha mkono mara moja tu kwenye kikao, nadhani nilikuwa naita chai, wakapiga makofi. Asubuhi moja nafungua kompyuta nakuta barua 214 kwenye foleni zinangoja kibali changu, dawa za nguvu za kiume, mkopo bila dhamana, binti wa jenerali ana dhahabu hana pa kuiweka, na moja tu ya maana, mwalimu wa Mbale anauliza wingi wa "uso". Hiyo ndiyo nikaifuta kwa bahati mbaya.

Na aliyeanzisha huu uchafu anajulikana kabisa. Mei 1978, Mmarekani Gary Thuerk, mtu wa mauzo ya kompyuta, aliwarushia watu kama 400 tangazo lake kwa mpigo. Mwaka uleule huku kwetu Amin akavamia Kagera. Amin alitolewa mwaka uliofuata, hizi barua bado mnaziona wenyewe.

Basi nikasema wacha nisafishe daftari. Tuko 340, wanaoongea sita, na wanne kati yao hawasalimiani. Nikatuma ujumbe wa heshima kabisa: ndugu mwanachama, kama bado uko nasi, jibu "nipo". Wakajibu 41, tisa wakiuliza hili kundi ni la nini. Mmoja akaandika NITOENI kwa kundi zima, wengine wakamjibu kwa kundi zima kwamba aache kujaza watu inboksi. Na kuna wale wavivu wa kujitoa wanabonyeza kitufe cha spamu, yaani barua taka, banange, ukibonyeza hapo unatuchafulia jina sote, Gmail inaanza kututupa jalalani pamoja na binti wa jenerali!

Wasiojibu nikafyeka. Juzi niko kwenye kibanda changu cha fotokopi hapa Wandegeya, Kampala, naona kanzu mlangoni. Hajji. Kapanda taksi kutoka Bombo.

"Shikamoo Hajji."

"Marahaba. Umenifuta."

Kama vile nimemtoa kwenye urithi. Nikampa kiti, nikaagiza chai.

"Hajji, mara ya mwisho kuandika ni 2017, uliandika 'Amina'."

"Sasa ulitaka niongeze nini?"

"Tena sanduku lako limejaa, barua zote zinarudi."

"Limejaa nini na mimi sijapokea kitu?"

Akatoa katochi kake, kale kasimu ka vitufe, eti nimwoneshe. Kumbe imeli yenyewe iko kwenye simu ya mjukuu, na mjukuu yuko Dubai. Nikafungua kwenye yangu. Neno la siri? Liko nyuma ya kalenda nyumbani. Akampigia bibi, bibi anasoma kwa sauti, wateja wangu wote wanasikiliza, nauliza hiyo S ni kubwa au ndogo, bibi anasema ya wastani. Ikaingia mara ya nne, nikamwambia Hajji sasa imetumwa kodi Dubai.

Akasimama. "Kodi? Asilimia 12 ya bando haijawatosha?"

Nusu saa kumweleza ni namba tu ya kufungulia. Mjukuu akaituma, tukafungua, GB 15 zimejaa video za harusi za huyohuyo mjukuu, na barua zetu za miaka sita hakuna hata moja iliyoguswa. Hajji akainama kwenye kioo, kidole kikasimama juu ya moja: UMESHINDA DOLA MILIONI MBILI.

Akaniangalia polepole. "Kwa hiyo ndiyo maana ulinifuta."

Nimeshamrudisha kundini, sitaki kesi. Nauli ya kurudi Bombo nimetoa mimi, chai mimi, bando mimi. Jioni nikabaki na hela ya rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, ya yai moja, na hizi rolex za siku hizi nazo, chapati unaona barabara upande wa pili, nikamuuliza kijana nyanya iko wapi, akaifungua, akaigeuza, akaitafuta na yeye.