Ugumu wa Nagona Ukisomwa Upya

Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa riwaya wa Tanzania, alipotoa Nagona mwaka 1990, na Mzingile mwaka uliofuata, wasomaji wengi wa riwaya zake za mwanzo walijihisi wametupwa. Badala ya maisha ya Ukerewe na vijiji vya ujamaa walikuta msafiri anayetangatanga katika mji wa kimya, vitabu vya wanafalsafa na, katika Mzingile, dunia iliyokwisha kuteketea. Barazani hapa Unguja bado husikika kwamba aliwaandikia maprofesa wenzake.

Lawama hiyo ina uzito wake. Asiyemjua Nietzsche, mwanafalsafa wa Kijerumani, hupitwa na mengi, na fasihi yenye wanunuzi wachache haina sababu ya kuwafukuza hao iliyonao.

Hata hivyo, anayevirejea vitabu hivi baada ya miaka mingi hukuta kwamba kinachomsumbua zaidi si falsafa, bali tarehe. Baina ya Gamba la Nyoka, inayosimulia watu walivyohamishiwa vijijini, na Nagona ipo miaka 11 isiyo na riwaya yake nyingine hata moja. Mzingile nayo ilitoka mwaka ule ule ambao Azimio la Zanzibar, la chama tawala CCM, lililegeza masharti ya kijamaa ya uongozi yaliyowekwa Arusha mwaka 1967. Sidai kwamba aliandika kulijibu azimio. Miswada hutangulia kuchapwa. Nasema tu kwamba riwaya ya kihalisia, yaani inayochora maisha kama yalivyo, hata ile yenye uchungu kama zake, ilimhitaji msomaji anayeamini kuwa jamii yake ina mahali inakokwenda, ijapokuwa imepotea njia. Imani hiyo ilipokwisha, kijiji kimoja zaidi chenye mwenyekiti dhalimu na kijana mwema kisingesema kweli yoyote mpya, na hekaya ya ulimwengu ulioungua ikawa ndiyo maelezo ya karibu zaidi ya hali ilivyokuwa.

Kwetu visiwani lawama ya uprofesa inapaswa kulegea zaidi. Mtoto aliyeitikia "pakawa" hakuuliza kisa kilitokea mwaka gani, wala mnyama amewezaje kunena. Aliyemfundisha kuuliza hivyo ni mtihani wa skuli. Na Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, alipomfufua marehemu katika Babu Alipofufuka mwaka 2001 ili amkabili mjukuu wake mwenye cheo, alikuwa akipita njia hiyo hiyo ya hekaya.

Ninachowaachia wakosoaji ni wale wanafalsafa waliorundikwa: kurasa zao zimechakaa mapema kuliko zile za ngoma na za paa asiyeshikika katika Nagona.