Hesabu Vigawo, Jumlisha, Rudia

Katika mifuatano ya namba inayojengwa kwa kanuni ya kujirejea, ambapo kila namba huzaliwa na ile iliyoitangulia, naupenda zaidi ule unaoanza na 1 na kuagiza jambo moja tu: hesabu vigawo vya namba uliyo nayo, yaani namba zinazoigawa bila kubakiza, jumlisha idadi hiyo na namba yenyewe, kisha rudia. 1 ina kigawo kimoja, tunapata 2. 2 ina viwili, tunapata 4. 4 ina vitatu, tunapata 7. Kisha 9, 12, 18, 24, 32, 38, 42, 50, 56, 64, 71, 73, 75, 81, 86, 90.

Wanaouona kuwa mchezo mtupu nadhani hawajautazama vya kutosha. Vigawo ni mambo ya kuzidisha, ilhali mfuatano husonga kwa kujumlisha, na ukubwa wa namba haukuambii hatua ijayo itakuwa ndefu kiasi gani: 73, kwa kuwa ni namba tasa, inasogea 2 tu, lakini 90 yenye vigawo 12 inaruka hadi 102.

Hata hivyo, mna utaratibu ambao mwanafunzi anaweza kuuthibitisha kwa kalamu. Vigawo huja kwa jozi. Vya 12, kwa mfano, ni 1 na 12, 2 na 6, 3 na 4, kwa hiyo idadi yake ni shufwa. Namba mraba pekee ndizo zenye kigawo ambacho mwenzake ni chenyewe, kama 8 katika 64, na ndizo pekee zenye idadi witiri ya vigawo. Basi mfuatano hauwezi kuhama kutoka shufwa kwenda witiri, wala kurudi, bila kukanyaga namba mraba. Ndiyo maana kuanzia 12 hadi 64 hatukuti namba tasa hata moja, na mara tu baada ya 64 zinatokea mbili mfululizo, 71 na 73, kabla 81 haijaturudisha kwenye shufwa.

Linalonivutia kuliko yote ni swali la mianzo mingine: je, yote huishia katika mkondo huu? Ukianza na 3, unaingia kwenye 7. 6 hupitia 10 na 14, ikaingia kwenye 18. 27 huchelewa: 31, 33, 37, 39, 43, 45, 51, 55, 59, 61, 63, 69, ndipo 73. Na haikuwa na namna ya kuwahi, kwa sababu njia yake yote ni witiri na haikanyagi namba mraba yoyote, wakati mkondo wetu ulibaki shufwa mpaka ulipovuka 64.